Rangi za Buluu na Kijani za Viwandani: Kemia, Matumizi na Afya ya Kaya

Katika kata ya Bombambili, Manispaa ya Songea mkoani Ruvuma, kama ilivyo katika vitongoji vingi vya miji ya Tanzania, rangi za buluu na kijani ziko kila upande. Zimo katika mabati ya mapaa, katika milango ya maduka na mageti ya chuma, katika ndoo na madumu ya plastiki, katika vitenge, katika daftari za wanafunzi na katika maandishi ya matangazo. Zamani rangi kama hizo zilitoka katika majani, mawe na udongo. Leo karibu zote hutengenezwa viwandani, na nyingi husafirishwa kutoka mbali kabla ya kufika dukani zikiwa ndani ya kopo, mfuko au bidhaa iliyokwisha kupakwa.

Jicho huziona kuwa rangi mbili tu. Mwili haukutani na rangi, bali hukutana na kemikali iliyo nyuma yake. Ipo buluu ambayo ni dawa ya kuondoa sumu mwilini, na ipo buluu ambayo ni sumu ikimezwa. Ipo kijani tulivu kinachodumu miaka mingi ukutani bila kumdhuru mtu, na ipo kijani kinachobeba risasi, yaani madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Mtu hawezi kuzitofautisha kwa kuzitazama. Makala haya yanaeleza rangi hizo zinavyoundwa, zinavyotumika, na kwa nini swali la kuuliza dukani si "rangi gani?" peke yake, bali pia "imetengenezwa kwa kitu gani?"

Jinsi rangi inavyotokea

Mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Kitu kinapoangaziwa, hufyonza sehemu ya mwanga huo na kurudisha iliyobaki. Kinachofyonza mwanga mwekundu na wa machungwa huonekana cha buluu. Kinachofyonza mwekundu pamoja na wa zambarau huonekana cha kijani. Wanaofyonza ni elektroni, chembe ndogo zinazozunguka kiini cha atomu, ambazo hupokea nishati ya mwanga na kuruka kutoka ngazi moja ya nishati hadi nyingine.

Wakemia wana njia kuu tatu za kuzifanya elektroni zifyonze mwanga unaotakiwa. Ya kwanza ni kutumia metali kama shaba, kobalti na kromi. Ioni za metali hizi zikizungukwa na atomu nyingine, elektroni zake hufyonza sehemu maalumu ya mwanga. Ya pili ni kuzipanga atomu kwa namna ambayo elektroni huhama kutoka atomu moja hadi jirani yake. Ya tatu ni kuunda molekuli za kaboni zenye vifungo vya kupokezana, kimoja na viwili, ambamo elektroni hutembea kwa uhuru kama watu katika ukumbi usio na kuta.

Ni muhimu pia kutofautisha pigmenti na rangi ya kuyeyuka. Pigmenti ni unga laini usioyeyuka katika maji wala mafuta. Hushikizwa ukutani au ndani ya plastiki kwa gundi maalumu. Rangi ya kuyeyuka hupenya ndani ya uzi wa nguo au ndani ya chembehai. Tofauti hii ina maana kubwa kwa afya: kitu kisichoyeyuka kwa kawaida hupita mwilini bila kufyonzwa, ilhali kinachoyeyuka huingia katika damu. Lakini kanuni hiyo ina mipaka, kwa sababu tumbo lina asidi, na kisichoyeyuka katika maji huenda kikayeyuka humo.

Kutoka nili ya shambani hadi buluu ya tanuri

Waswahili waliijua buluu kwa jina la nili, rangi itokanayo na majani ya mnili. Kaniki, nguo ya buluu iliyokoza hadi kukaribia weusi, ilivaliwa kwa vizazi vingi pwani na bara. Kemia ya nili ni ya kipekee: rangi yenyewe haiyeyuki katika maji, hivyo fundi huibadilisha kwanza iwe ya kuyeyuka ndani ya pipa lisilo na hewa, huzamisha nguo, kisha huitoa. Oksijeni ya hewani huirudisha nili katika hali yake ya kwanza, nayo hunasa ndani ya uzi. Mwaka 1880 mkemia Mjerumani Adolf von Baeyer alifaulu kuitengeneza maabarani, na mwaka 1883 akaeleza muundo wake. Kampuni ya BASF ilianza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897, na baada ya miaka michache mashamba ya nili ya India yalipoteza soko. Suruali za jinzi zinazouzwa leo katika masoko ya mitumba zimetiwa nili hiyo hiyo ya kiwandani.

Hata hivyo, pigmenti ya kwanza ya kisasa kutengenezwa na binadamu ilikwisha kupatikana mjini Berlin mwanzoni mwa karne ya 18, nayo huitwa buluu ya Prusia. Huundwa kwa chuma kilichofungamana na sianidi. Ndani yake zimo atomu za chuma za aina mbili, na elektroni inaporuka kutoka aina moja hadi nyingine, mwanga mwekundu hufyonzwa. Neno sianidi hutisha, lakini hapa sianidi imefungwa na chuma kwa nguvu kubwa kiasi kwamba haiachiliwi katika matumizi ya kawaida. Jambo hili ni la kukumbukwa: hatari ya kemikali haitokani na viambato vyake pekee, bali na namna vilivyofungwa pamoja.

Buluu nyingine inayojulikana katika kila nyumba ni ile ya kufulia. Kemikali yake, altramarini, ilipatikana zamani kwa kusaga jiwe la thamani kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Mwaka 1824 chama kimoja cha kuendeleza viwanda nchini Ufaransa kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa bei nafuu, na Jean-Baptiste Guimet akaipata zawadi hiyo mwaka 1828. Malighafi yake ni za kawaida: udongo mweupe wa kaolini, magadi yaliyosafishwa, salfa na mkaa, vikichomwa pamoja katika joto la nyuzi za Selsiasi zipatazo 800. Rangi hutokana na vikundi vya atomu tatu za salfa vilivyonaswa ndani ya vizimba vya udongo huo. Nguo nyeupe iliyoanza kuwa ya manjano hurudi kuonekana nyeupe kwa sababu buluu kidogo hufuta umanjano machoni. Asidi huvunja vizimba hivyo, salfa ikatoka kwa harufu ya yai viza na rangi ikapotea. Buluu ya kufulia haina sumu kali, lakini si dawa. Haikutengenezwa katika hali safi ya kitabibu, hivyo haifai kupakwa kwenye kidonda, mdomoni mwa mtoto wala kwenye kitovu cha mtoto mchanga.

Kijani kilichogeuka sumu

Historia ya kijani ni onyo. Mwaka 1775 mkemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alitengeneza kijani angavu kwa kuunganisha shaba na arseniki. Mwaka 1814, mjini Schweinfurt, Ujerumani, kilipatikana kingine kizuri zaidi cha namna hiyo, ambacho baadaye kiliitwa kijani cha Paris. Katika karne ya 19 rangi hizi zilipakwa kwenye karatasi za ukutani, maua ya bandia, nguo na hata vitu vya kuchezea watoto barani Ulaya. Wafanyakazi walipata vidonda, na watu waliokaa katika vyumba vyenye unyevu waliugua. Mwishoni mwa karne hiyo daktari Mtaliano Bartolomeo Gosio alionyesha kwamba kuvu wanaoota juu ya rangi hiyo hutoa gesi yenye arseniki.

Baada ya kutambuliwa kuwa sumu, kijani cha Paris kilipewa kazi nyingine, ile ya kuua wadudu. Kilinyunyizwa juu ya maji yaliyotuama ili kiue viluwiluwi wa mbu. Mbu aina ya Anopheles gambiae, mwenezaji mkuu wa malaria barani Afrika, alipovuka bahari na kuingia Brazili, unga huo ulikuwa miongoni mwa silaha zilizotumiwa kumtokomeza huko kufikia mwaka 1940. Kwa hiyo dutu iliyowadhuru watu ilipokuwa ukutani iliwakinga ilipotiwa katika madimbwi, ingawa baadaye iliachwa kwa ajili ya dawa salama zaidi.

Mafunzo hayo yalizaa vijani tulivu. Kimojawapo ni oksidi ya kromi, ambayo haiyeyuki, haipauki juani na huvumilia joto la tanuri. Hutumika katika saruji, vigae, kauri na rangi za chuma.

Pete ya shaba

Buluu na kijani vinavyotawala dunia ya leo vilianza kwa ajali ya kiwandani. Mwaka 1928, katika kiwanda cha Scottish Dyes mjini Grangemouth, Uskoti, mtungi wa chuma uliovishwa ganda la kioo kwa ndani ulipata ufa. Kemikali zilizokuwa zikichemka humo ziligusa chuma, na unga wa buluu iliyoelekea kijani ukajitokeza pasipo kutarajiwa. Reginald Linstead na wenzake wa Imperial College, London, walieleza muundo wake mwaka 1934 na kuupa jina la thalosianini. Pigmenti yenye shaba katikati ilianza kuuzwa mwaka 1935.

Muundo wake unawahusu moja kwa moja wanafunzi wa tiba. Ni pete kubwa ya kaboni na naitrojeni, na katikati yake atomu ya shaba imeshikwa na naitrojeni nne. Pete hiyo ni jamaa ya karibu ya pete mbili ambazo uhai unazitegemea: ile ya himu katika damu, yenye chuma katikati, na ile ya klorofili katika majani, yenye magnesi katikati. Moja hubeba oksijeni, nyingine hunasa mwanga wa jua, na ya tatu hupaka rangi ndoo ya maji.

Kiwandani, buluu hii hupatikana kwa kupasha moto pamoja anhidridi ya thaliki, urea na chumvi ya shaba. Ikitakiwa kijani, atomu za hidrojeni zilizo ukingoni mwa pete huondolewa na klorini kuwekwa mahali pake, kati ya 14 na 16 katika kila molekuli. Wino wa buluu wa mashine za kuchapisha, rangi za magari, plastiki za madumu na matenki, na rangi nyingi za mabati hutumia pigmenti hizi. Hazipauki upesi, hazivunjwi na asidi za kawaida, na shaba yake imeshikwa kwa nguvu kiasi kwamba haitendi kama shaba inayoyeyuka. Changamoto yake iko zaidi kiwandani, kwa kuwa klorini inapotumika vibaya huweza kuacha mabaki ya heksaklorobenzini, kemikali inayodhibitiwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Ndiyo maana usafi wa kiwanda ni sehemu ya usalama wa rangi.

Buluu mikononi mwa tabibu

Maabara ya kituo cha afya ni mahali pengine ambapo rangi za viwandani hufanya kazi kila siku. Mwaka 1876 Heinrich Caro wa BASF alitengeneza buluu ya methilini kwa ajili ya nguo. Miaka sita baadaye Robert Koch aliitumia katika uchunguzi uliomwezesha kuwaona bakteria wa kifua kikuu. Koch huyo alifika Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890 kuchunguza malaria na maradhi mengine. Mwaka 1891 Paul Ehrlich na Paul Guttmann waliwapa wagonjwa wawili wa malaria mjini Berlin buluu ya methilini, wakapata nafuu. Hiyo ilikuwa miongoni mwa dawa za kwanza kabisa zilizotengenezwa kiwandani kutumika kutibu binadamu. Hadi leo, mtaalamu wa maabara anapotafuta vimelea vya malaria kwa darubini, hupaka tone la damu rangi ya Giemsa, mchanganyiko wenye buluu ya methilini na jamaa zake. Rangi hizo hushikamana na kiini cha kimelea na mwili wake, naye huonekana wazi.

Buluu ya methilini ni tiba pia kwa mtu ambaye chuma cha damu yake kimebadilika kikashindwa kubeba oksijeni, hali inayoweza kuletwa na maji ya kisima yenye naitreti nyingi kwa mtoto mchanga, au na baadhi ya dawa. Lakini mgonjwa mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali isiyo adimu katika nchi zenye malaria, huweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu akipewa rangi hiyo. Dawa na madhara vimo katika chupa moja. Kipimo na uchunguzi ndivyo vinavyotenganisha.

Nayo buluu ya Prusia imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mtu aliyemeza thali au sizi yenye mionzi huipewa kwa mdomo. Muundo wake wenye matundu hunasa metali hizo katika utumbo na kuzitoa pamoja na kinyesi. Mwaka 1987, chanzo cha mionzi ya hospitali kilipofunguliwa na watu wasiojua hatari yake mjini Goiânia, Brazili, dawa hiyo ilitumika kuwatibu walioathirika.

Mrututu, kati ya shamba na kabati

Mkoa wa Ruvuma unaijua buluu nyingine kupitia kilimo. Katika milima ya Mbinga, ambako Wamatengo hulima kahawa ya arabika, viuakuvu vyenye shaba hutumika dhidi ya kutu ya majani na ugonjwa wa chulebuni. Asili ya dawa za namna hii ni mchanganyiko wa chokaa na salfeti ya shaba, ambao Pierre-Marie-Alexis Millardet aliueleza nchini Ufaransa mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu. Salfeti ya shaba ndiyo mrututu wa Waswahili, fuwele za buluu nzuri ambazo tangu zamani zilipondwa na kuwekwa juu ya vidonda.

Hapa ndipo jicho hudanganywa. Mrututu na buluu ya thalosianini vyote vina shaba, na vyote ni buluu. Lakini mrututu huyeyuka majini na kuziachilia ioni zake. Ukimezwa, huchoma tumbo, husababisha matapishi ya rangi ya buluu au kijani, huvunja chembe nyekundu za damu na huweza kuangamiza ini na figo. Mtu aliyeumeza asilazimishwe kutapika nyumbani. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na mfuko au chupa ya dutu aliyomeza. Viuatilifu vya shamba vihifadhiwe katika vyombo vyake vya asili, vyenye lebo, mbali na jiko na mbali na watoto. Chupa ya soda iliyotiwa maji ya buluu ni kishawishi kwa mtoto.

Kijani kinachoficha risasi

Katika kaya za mjini, swali zito zaidi la afya limo katika kijani cha rangi ya mafuta. Njia rahisi ya kupata kijani ni kuchanganya buluu na manjano. Kwa miaka mingi manjano iliyopendelewa ilikuwa kromati ya risasi, kwa kuwa ni angavu, hufunika vizuri na bei yake ni ya chini. Ikichanganywa na buluu ya Prusia au thalosianini hutoa kijani kinachoitwa kijani cha kromi. Jina hilo hupoteza watu, maana karibu lifanane na lile la oksidi ya kromi iliyotajwa hapo juu, ilhali vitu hivyo viwili ni tofauti kabisa. Oksidi ya kromi haina risasi, na kromi yake iko katika hali tulivu. Kijani cha kromi kina risasi, tena kina kromi ya hali ya sita, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kwa hiyo, hata pale ambapo buluu haina hatia, mwenzake wa manjano ndani ya kopo hilo hilo huenda akawa na sumu. Zaidi ya pigmenti, baadhi ya rangi za mafuta hutiwa misombo ya risasi ili zikauke upesi.

Rangi mpya iliyoshikamana vizuri na chuma haimrukii mtu. Hatari huanza inapozeeka na kubanduka, au fundi anapoisugua ikiwa kavu kwa msasa ili apake nyingine. Vumbi hukaa sakafuni, juu ya mikeka na katika mchanga wa uani. Mtoto anayetambaa huweka mikono mdomoni mara nyingi kwa siku. Katika tumbo lake, asidi huyeyusha sehemu ya risasi, na mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichomeza.

Ikiingia katika damu, risasi hujifanya kalisi. Hupita njia za kalisi, huingia katika ubongo unaokua na kuvuruga mawasiliano ya neva. Kisha hujificha katika mifupa kwa miongo ya miaka. Mwanamke aliyeipata utotoni huweza kuiachilia tena kutoka mifupani wakati wa ujauzito, ikamfikia mtoto aliye tumboni. Risasi pia huzuia vimeng'enya vinavyotengeneza himu, hivyo huleta upungufu wa damu. Mahali ambapo malaria, minyoo na lishe duni tayari husababisha upungufu wa damu, ni rahisi tabibu kuacha kuiwazia risasi. Tena mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza risasi zaidi, na hivyo matatizo mawili hulishana.

Dalili hazitangazi ugonjwa. Mtoto huwa mzito kujifunza, hutulia kwa shida, huumwa tumbo au hukosa choo, na aghalabu haonyeshi dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa pale damu inapofikia mikrogramu 5 kwa desilita. Kwa mtoto mwenye umri usiozidi miaka 10 aliyefikia mikrogramu 45, dawa za kuitoa risasi mwilini hupendekezwa. Lakini dawa haziurudishi uwezo wa akili uliokwisha kupotea. Kinga ndiyo tiba iliyo bora.

Kinga hiyo inawezekana. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006, na watu wengi hawakuona tofauti yoyote katika magari yao. Kwa rangi, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa mfano wa sheria mwaka 2017 unaopendekeza kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi kavu. Nchini Tanzania, kemikali za viwandani husimamiwa kwa Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 kupitia Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na ubora wa bidhaa husimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania. Pigmenti mbadala zipo, za manjano na za kijani, zisizo na risasi. Teknolojia haikosekani, kinachohitajika ni wauzaji, mafundi na wanunuzi kuzidai.

Hatua kwa kaya na mafundi

Mnunuzi wa rangi, hasa rangi ya mafuta ya kijani, manjano, machungwa au nyekundu, atafute kopo lenye jina la mtengenezaji, alama ya ubora na maelezo kwamba haina risasi. Rangi iliyomiminwa katika kopo lisilo na lebo haina wa kuulizwa. Kwa kuta za ndani, rangi ya maji kwa kawaida ni chaguo salama zaidi.

Fundi anayekarabati geti au dirisha la zamani aichukulie rangi yake kuwa na risasi hadi ithibitike vinginevyo. Alowanishe kwa maji kabla ya kusugua, asiichome kwa moto, atandike turubai chini na kukusanya mabaki. Watoto na wajawazito wakae mbali hadi mahali pafutwe kwa kitambaa chenye maji; kufagia pakiwa pakavu hurusha vumbi upya. Anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, na nguo zake za kazi zifuliwe peke yake, kwa kuwa vumbi la kazini humfuata fundi hadi kitandani kwa watoto wake.

Mbao za milango na madirisha yaliyopakwa rangi zisitumike kuwa kuni. Moto hauichomi risasi ikaisha. Huipeleka katika moshi, na iliyobaki hukaa katika majivu ambayo huenda yakatumika kusugulia sufuria. Makopo ya rangi yasigeuzwe vyombo vya maji, unga au pombe. Mtoto alishwe vyakula vyenye chuma na kalisi, kama dagaa wa Ziwa Nyasa wanaoliwa na mifupa yao, maharage na mboga za majani, kwani mwili ulioshiba madini hayo huipokea risasi kwa uchache.

Tabibu anayemwona mtoto mwenye upungufu wa damu usioitikia vidonge vya chuma, au mwenye kuzorota kwa maendeleo pasipo sababu iliyo wazi, aongeze maswali machache katika mahojiano yake: mzazi hufanya kazi gani, nyumba imekarabatiwa lini, na mtoto huchezea wapi. Maswali hayo hayahitaji mashine wala fedha. Jibu moja linaweza kuonyesha kwamba chanzo cha ugonjwa ni geti la kijani linalosuguliwa nyuma ya nyumba, na kwamba kuanzia siku hiyo linapaswa kusuguliwa likiwa limeloweshwa, mtoto akiwa mbali.